EF Asilimia 64, na Bado Anahema: Kisa cha Presha na Eko ya Moyo Dodoma

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, mkulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Baadhi ya maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alikuja na mwanawe mkubwa akilalamika kwamba pumzi inamkatika. Mwanzoni ilikuwa anapobeba kreti za zabibu tu. Baadaye hata kutoka shambani hadi barabarani ilimbidi asimame njiani mara mbili, tatu. Usiku alilalia mito miwili, na mara kadhaa aliamka ghafla saa nane, akakaa kitandani akitafuta hewa hadi mwanawe amfungulie dirisha.

Presha yake ilijulikana miaka tisa iliyopita, alipokwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa. Vidonge alikuwa anameza kwa vipindi. Vikiisha, na mwili ukiwa hauna shida, zilipita wiki, hata miezi, kabla ya kununua vingine. Katika miezi ya karibuni alikuwa ametibiwa nimonia mara mbili na kupewa dawa ya pumu ya kupuliza. Hakuna iliyomsaidia kwa muda.

Kwenye mfuko wake wa karatasi za hospitali kulikuwa na ripoti ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ya mwaka uliotangulia, kutoka kituo kingine. Ilikuwa na mistari minne: EF (kiwango cha moyo kusukuma damu) asilimia 66, valvu (milango ya moyo) nzuri, hakuna maji kuzunguka moyo, hitimisho ni eko ya kawaida. Ukurasa ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikaanza kuchanika, kwa sababu aliutunza kama cheti. Tangu alipoupata hakuona sababu ya kuendelea na dawa kila siku.

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu, "moyo walishaupima wakaukuta mzima. Mnataka kuupima tena kwa nini? Hela yenyewe ni ya kusubiri zabibu ziuzwe."

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na kisa hiki chote ni jibu lake.

Kabla ya kugusa mashine ya eko

Eko haipimi presha, na haina uwezo wa kusahihisha presha iliyopimwa vibaya. Kwa hiyo tulianza na mashine ya mkononi. Alikaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Mkono wake ni mnene, kwa hiyo tulitumia kitambaa kipana. Kitambaa chembamba kwenye mkono mnene hupandisha namba isivyostahili, na katika vituo vyetu vingi kuna saizi moja tu inayotumika kwa kila mtu. Mkono wa kulia ulisoma 186/108, wa kushoto 182/106. Tofauti hiyo ni ndogo, haitishi. Mapigo yalikuwa 88 kwa dakika na yenye mpangilio. Oksijeni ilikuwa asilimia 94. Chini ya mapafu yote mawili kulisikika mlio wa maji, na vifundo vya miguu vilibonyea kidogo. Mapigo ya kwenye nyonga yalikuwa na nguvu sawa na ya mkononi, jambo linalopunguza shaka ya mshipa mkuu wa damu kuwa umebanwa mahali.

Uzito wake kilo 78, urefu sentimita 160. Naziandika namba hizi kwa makusudi, kwa sababu bila hizo sehemu kubwa ya eko haisomeki, na ripoti ile ya mistari minne haikuwa nazo.

Figo zilikuwa bado zinafanya kazi vizuri, ila mkojo ulikuwa na protini kidogo. Sukari na wingi wa damu havikuwa tatizo. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho kilichotushtua: mawimbi marefu, jumla ya S kwenye V1 na R kwenye V5 (herufi ni majina ya mawimbi, V ni sehemu za kifua yanapopimwa) ikiwa milimita 38, wakati kikomo kinachotumika sana ni 35. Tena mawimbi ya T kwenye V5 na V6 yalikuwa yamepinduka. Kipimo hiki kina udhaifu wa pande mbili. Hukosa mioyo mingi iliyonenepa kweli, na kwa watu wenye asili ya Afrika wakati mwingine hudai unene usiokuwepo. Lakini T zilizopinduka namna ile, kwa mtu anayehema usiku, hazipuuzwi.

Hatukusubiri eko ili tuanze matibabu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona wagonjwa wa kutoka Manyoni na Mpwapwa wakirudishwa nyumbani na tarehe ya eko mkononi bila kidonge hata kimoja. Presha ya 186/108 yenye maji kwenye mapafu inatibiwa siku hiyo hiyo. Alilazwa, akachomwa furosemaidi kutoa maji, akaanzishiwa amlodipini, dawa ya presha. Losatani, nayo ya presha, iliongezwa majibu ya figo na potasiamu yaliporudi. Eko ilifanyika kesho yake asubuhi, presha ikiwa imeshuka hadi 164/96, na namba hiyo tuliiandika juu kabisa ya ripoti.

Ilichoonyesha eko

Alilala kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua. Jeli, kisha kifaa cha kupimia pembeni mwa mfupa wa kifua.

Chemba ya chini ya kushoto ndiyo inayosukuma damu kwenda mwili mzima, na ndiyo inayobeba mzigo wa presha kwa miaka. Msuli wake hunenepa kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku, lakini unene huu wa moyo si afya. Nyuzi za msuli hukua, katikati yake hujazana tishu ngumu, na mishipa midogo ya kuulisha haiongezeki kwa kasi ile ile.

Ukuta wa kati ulikuwa milimita 14 na wa nyuma milimita 13. Kwa mwanamke kawaida haivuki 9. Kipenyo cha ndani cha chemba ikiwa imejaa kilikuwa milimita 43, yaani chemba haijatanuka.

Hapa mpimaji anahitaji mkono mtulivu. Uzito wa msuli haupimwi moja kwa moja, unakokotolewa. Unajumlisha ukuta wa kati, uwazi wa chemba na ukuta wa nyuma kwa sentimita, jumla inapandishwa kwenye kipeo cha tatu, unatoa uwazi wa chemba nao ukiwa kwenye kipeo cha tatu, unazidisha kwa 1.04 kisha kwa 0.8, unaongeza 0.6. Kwake: 1.4 na 4.3 na 1.3 ni 7.0. Kipeo cha tatu ni 343. Ukitoa 79.5 inabaki 263.5, na mwisho wa hesabu unapata gramu 220 hivi. Gawanya kwa eneo la mwili wake, mita za mraba 1.86, inakuwa gramu 118 kwa kila mita ya mraba. Kwa mwanamke mpaka ni 95, kwa mwanaume 115.

Kwa kuwa kuna kipeo cha tatu, kosa dogo hukua. Kama tungepunguza milimita moja tu kila ukuta, tungepata gramu 196 badala ya 220, na kipimo chake kingeshuka hadi 105. Ndiyo maana mstari wa kupimia lazima ukate chemba kwa pembe mraba, chini kidogo ya ncha za valvu ya mitrali (mlango kati ya chemba ya juu na ya chini za kushoto), moyo ukiwa umejaa, na usimeze nyuzi za chemba ya kulia zilizolala juu ya ukuta wa kati. Kwa wagonjwa wa presha sehemu ya juu ya ukuta wa kati mara nyingi huvimba kuliko sehemu nyingine. Ukipimia pale, unamzidishia mgonjwa ugonjwa.

Kisha uwiano wa unene: mara mbili ya ukuta wa nyuma, gawanya kwa kipenyo cha chemba. Ulikuwa 0.60, na mpaka ni 0.42. Uzito umezidi na uwiano umezidi, kwa hiyo moyo umenenepa kuelekea ndani na kuibana chemba yenyewe. Miongoni mwa maumbo ambayo presha huupa moyo, hili ndilo linalohusishwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi na kufa mapema. Uhusiano wa uzito wa msuli na vifo ulionekana wazi katika utafiti wa Framingham huko Marekani, ambao ulianza mwaka 1948 na kutoa majibu yake ya eko kuhusu jambo hili mwaka 1990.

EF ilikuwa asilimia 64. Inakaribiana kabisa na ile ya mwaka uliotangulia, na sina sababu ya kuitilia shaka yoyote kati ya hizo mbili. EF ni asilimia ya damu iliyomo ndani ya chemba ambayo husukumwa nje kwa pigo moja. Chemba ya mama huyu ikijaa ilikuwa na mililita 84. Asilimia 64 ya hizo ni mililita 54 hivi. Mtu mwingine mwenye chemba ya mililita 120 na EF ya asilimia 58, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo kuliko ya mama, anasukuma mililita 70 kwa pigo. Asilimia nzuri ya kiasi kidogo ni kiasi kidogo. Tena EF inaeleza kusukuma peke yake, na shida ya mama ilikuwa upande wa kupokea.

Upande wa kupokea unahitaji Dopla, sehemu ya eko inayopima mwendo wa damu na wa msuli. Damu inapoingia kutoka chemba ya juu kwenda ya chini huwa na mawimbi mawili: la kwanza, E, chemba ikifunguka yenyewe, na la pili, A, chemba ya juu ikikamua kilichobaki. E yake ilikuwa sentimita 96 kwa sekunde na A 70, uwiano 1.4. Mtu akisoma hapo tu ataandika "kawaida", maana uwiano huo unafanana na wa mtu mzima wa afya. Huu ni mtego mkubwa katika eko ya presha. Moyo unapoanza kukakamaa, E hupungua. Ukikakamaa zaidi, shinikizo katika chemba ya juu hupanda na kuisukuma damu kwa nguvu, E inarudi juu, na ugonjwa unavaa sura ya afya.

Kinachouvua sura hiyo ni mwendo wa msuli wenyewe kwenye ukingo wa valvu ya mitrali, maana huo haudanganywi kirahisi na shinikizo la juu. Upande wa ukuta wa kati ulikuwa sentimita 4.8 kwa sekunde, pembeni 7.0, wastani 5.9. Tulitarajia angalau 7 na 10. Ukigawanya E kwa wastani huo unapata 16, na juu ya 14 shinikizo limepanda. Chemba ya juu ya kushoto ilikuwa mililita 42 kwa mita ya mraba, mpaka ukiwa 34, na chemba hiyo haitanuki kwa siku mbili. Damu inayorudi nyuma kupitia valvu ya kulia ilikwenda mita 3.0 kwa sekunde, mpaka ukiwa 2.8. Vigezo vyote vitatu vilikubaliana: ukakamavu wa daraja la pili, shinikizo la kujaa limepanda, maji yanarudi kwenye mapafu. Nimonia zile mbili na ile pumu, kwa maoni yangu, zilikuwa jambo hili hili tangu mwanzo.

Ripoti ya mistari minne haikusema uongo

Nataka niitendee haki. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ile yawezekana kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni unene, uzito, chemba ya juu na Dopla ya msuli, yaani mahali ambapo presha huacha alama. Kuta haziwezi kufika milimita 14 kwa mwaka mmoja kutoka kawaida. Zilikuwa nene siku ile nazo.

Lawama siiweki kwa mpimaji peke yake. Fomu za kuomba eko tunazoandika sisi madaktari mara nyingi zina maneno mawili: "presha, eko". Hakuna namba ya presha, hakuna uzito wala urefu, hakuna swali. Mpimaji mwenye foleni ndefu nje ya mlango atajibu alichoulizwa, na asipoulizwa kitu ataandika EF. Kama fomu ingesema "anahema akilala, presha miaka minane, je kuta na shinikizo la kujaa zikoje?", ninaamini jibu lingekuwa jingine.

Uzito wa jambo hili hapa kwetu si mdogo. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta presha kwa takribani robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45, na wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Huo ni karibu na umri wa mama huyu. Wenzake wa Ulaya hufika hatua hii wakiwa wazee zaidi, sisi tunaifikia tukiwa bado tunalima na kusomesha.

Je, ni presha kweli?

Ukuta mnene una wazazi wengi, na eko hutusaidia kuwatenganisha. Valvu ya mshipa mkuu ilifunguka vizuri, haikubanwa. Ukuta haukuwa mnene upande mmoja pekee, na damu haikukwama njiani ikitoka, kwa hiyo ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo haukuwa na ushahidi. Msuli ukinenepa kwa kujazwa protini zisizo za kawaida, mawimbi ya umeme kwa kawaida huwa mafupi, na ya mama yalikuwa marefu. Alama za homa ya baridi yabisi kwenye valvu ya mitrali hazikuwepo. Mshipa mkuu unapotoka kwenye moyo ulikuwa milimita 36, wa kufuatilia bila kuogopa. Presha ya miaka tisa isiyotibiwa sawasawa ilitosha kueleza kila kitu.

Matibabu, na suala la mlenda

Uamuzi wa dawa haukutoka kwenye eko moja kwa moja. Eko ilituambia kwamba hakuna muda wa kubahatisha. Utafiti uliofanyika katika nchi 6 za Afrika kwa wagonjwa 728 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, kwa watu weusi, mchanganyiko wenye amlodipini hushusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Tulibaki na amlodipini na losatani, tukaongeza kidonge cha kukojoza cha kila siku baada ya furosemaidi kumaliza kazi yake. Tulizungumza na familia kuhusu dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, ambayo mwaka 2022 ilionyesha kupunguza kuzidiwa na kulazwa kwa wagonjwa wa aina yake hata wasio na sukari. Bei ilijadiliwa waziwazi. Kijana alisema wataweza, na ikaanza.

Kuhusu chakula, mama alituambia kwa uhakika kuwa chumvi alishaipunguza. Ni muuguzi, binti wa Kigogo, aliyemuuliza swali ambalo daktari wa kutoka mbali asingeliuliza: "Mama, mlenda mnapika na magadi?" Kila siku, alisema, tena ya kutosha, bila magadi mlenda hauvutiki. Magadi ni chumvichumvi za sodiamu. Mtu anaweza kuacha kuongeza chumvi mezani na bado akaila sodiamu kwa wingi kila anapomega ugali wa uwele. Hatukumkataza mlenda, ni mboga nzuri. Tulimwomba aupike bila magadi, au kwa chembe tu mwanzoni mpaka ulimi uzoee, na aiambie nyumba nzima.

Ripoti mpya tulimsomea yeye na mwanawe kwa Kiswahili, picha ikiwa mbele yao. Nilimwonyesha ukuta, nikamwekea kidole panapostahili kuishia.

"Kumbe si mzima," alisema.

"Unasukuma vizuri, mama. Umechoka kupokea. Presha ikishuka utapata nafasi ya kupumzika."

Baada ya hapo

Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 134/82, lengo letu likiwa kuishusha chini ya 130/80 kama mwili wake utavumilia. Analalia mto mmoja. Alishavuna, na kreti amewaachia vijana.

Hatukurudia eko wakati huo, ingawa kijana aliitaka na alikuwa tayari kulipia. Msuli haupungui kwa miezi michache kiasi cha kuonekana, na hela ile ilifaa zaidi kununua dawa. Tuliirudia baada ya mwaka mmoja. Uzito wa msuli ulikuwa gramu 108 kwa mita ya mraba, kutoka 118. Ningependa kusema moyo umepungua, lakini tofauti ya kiasi hicho inaweza kutokana na upimaji wenyewe, kama hesabu ya milimita moja ilivyoonyesha. Ninachokiamini zaidi ni kwamba uwiano wa E kwa mwendo wa msuli ulishuka kutoka 16 hadi 11, na mwendo wa damu kwenye valvu ya kulia kutoka 3.0 hadi 2.5. EF ilikuwa asilimia 63. Ingekuwa ndiyo kipimo chetu pekee, tungesema kwa mwaka mzima hakuna kilichobadilika kwa mama huyu.

Siku ya majibu hayo tulimpima presha na kijana, kama tunavyojaribu kufanya kwa watoto wa wagonjwa wetu. Ana miaka 31. Ilisoma 148/94, na alipopumzika na kurudiwa, 146/92. Hana dalili yoyote. Aliuliza papo hapo kama naye aandikiwe eko, na mama akawa wa kwanza kusema aandikiwe.

Tulimwambia bado. Alipewa ratiba ya kupima presha asubuhi na jioni kwa wiki moja kwenye mashine ya mama iliyoko nyumbani, akafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, mkojo, figo na sukari. Kama presha ya nyumbani itathibitika, ataanza matibabu. Kama umeme wa moyo ungekuwa na kasoro, kama angekuwa anahema, kama moyo ungekuwa na mlio usio wa kawaida, au kama presha ingegoma kushuka kwa dawa tatu, eko yake ingefanyika wiki hiyo hiyo. Umeme wa moyo wake ulikuwa safi. Nafasi aliyoiacha kwenye orodha ya asubuhi ile ilikwenda kwa dada wa Kondoa aliyejifungua mwezi uliopita na miguu yake imeanza kuvimba.